Mstari Katika Karatasi za Hayat

Tangu Ridhwani alipopatwa na kiharusi, siku ya Huwaida ilianzia mgongoni mwa mumewe. Humgeuza ubavu, akamwosha kwa maji ya uvuguvugu, akamsugua kwa spiriti pale ambapo ngozi ya mtu wa kulala huchubuka, akambadilisha kikoi, kisha akamkokota mpaka kwenye kiti kilichowekwa karibu na dirisha. Ridhwani alikuwa mtu mnene, na ugonjwa haukumpunguza. Akishamketisha, Huwaida husimama kidogo ameshika kiuno, akingoja pumzi imrudie, ndipo aende jikoni kutia uji kwenye bakuli. Yote haya kabla hajatia funguo mlangoni mwa duka.

Duka lenyewe lilikuwa mtaa wa Langoni, kwenye kichochoro kinachotokea njia kuu ya mji. Lilikuwa duka la fotokopi. Kwa miaka mingi Ridhwani ndiye aliyekaa humo, na watu wa Amu, ndiyo Lamu, walimpa jina: Ridhwani Karatasi. Mtu akitaka kutuma cheti cha kuzaliwa Nairobi, hati ya nyumba Mombasa, au pasi ya kusafiria kwa jamaa aliyeko Maskati, aliambiwa aende kwa Ridhwani Karatasi. Alipenda mashine kama wengine wapendavyo kufuga ndege. Aliifungua, akaipuliza, akaifunga, huku akizungumza nayo. Siku aliyoanguka alikuwa mumo humo dukani, bisibisi mkononi. Mkono wa kulia ukafa, mguu wa kulia ukafa, na ulimi ukabaki na maneno machache yaliyokatikakatika.

Huwaida hakuwa mtu wa mashine. Alikuwa mshonaji wa kofia, mwenye vidole vya kuhesabu matundu yasiyoonekana. Lakini mwana wao wa pekee, Hussam, alikuwa kazini Mombasa na ana mke na mtoto mchanga, na duka likifungwa lisingefunguka tena. Kwa hiyo aliweka sindano chini, akaenda kukaa mahali pa mumewe. Alidhani ni kwa muda tu. Sasa mwaka wa pili ulikuwa unamalizika.

Mashine ya fotokopi aliizoea upesi. Iliyomsumbua ilikuwa skana. Ilikuwa ndogo, ya aina inayomeza karatasi moja moja kwa juu na kuzitemea chini, na Huwaida aliona ina tabia za mgonjwa mjeuri. Siku za unyevu, karatasi hugandana, mashine ikameza mbili kwa pamoja na kukwama. Huwaida akajifunza kuzipepea karatasi kwanza, kama mtu anayepepea makaa, na kukung'uta kingo zake mezani. Mtu akisahau pini ya stepla, mashine ikapiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia. Akajifunza kupitisha kidole kwenye kila pembe kabla ya kitu kingine chochote. Rola zikapata utelezi kwa vumbi na hewa ya chumvi, karatasi ikaingia upande upande. Akajifunza kuzifuta kwa kitambaa chenye maji kidogo. Mara nyingine kompyuta ilishikilia katakata kwamba hakuna skana yoyote, na skana iko pale pale ubavuni mwake, taa inawaka. Hapo Huwaida huchomoa waya, akautia tundu jingine, akazima vyote viwili, akawasha skana kwanza na kompyuta baadaye.

Yote hayo aliyajifunza kwa simu, kwa kumuuliza Hussam, na Hussam akiwa hana nafasi, kwa kumuuliza Jaafar, fundi wa Mombasa aliyewauzia mashine. Ridhwani mwenyewe, Huwaida hakuwahi kumuuliza. Aliona ni kumtonesha mtu kidonda. Akirudi nyumbani hulificha duka lote nje ya mlango, akaingia na maneno yale yale: umeshiba, umekojoa, wataka kulala.

Asubuhi ya tukio hili alikuwa amelala vibaya. Alikuwa bado anafungua madirisha ya duka aliposikia salamu.

"Sabalkheri, Bi Huwaida."

Alikuwa Bi Radhiya, mwanamke wa Mbwajumali, kule kisiwani Pate. Amevaa buibui lililorowa pindo kwa maji ya mashua, na ameshika bahasha ya nailoni kifuani. Nyuma yake alikuwapo binti yake Hayat, mtoto wa miaka saba, mwembamba, midomo yake rangi ya zambarau iliyoanza kuiva. Hayat hakuja mpaka mlangoni. Alichuchumaa katikati ya kichochoro, magoti yamegusa kidevu, akakaa hivyo akipumua. Punda aliyebeba mawe ya kujengea akasimamishwa ili asimkanyage. Mwenye punda alitaka kusema neno, akamwona mtoto usoni, akamrudisha punda nyuma.

"Mwache apumzike," Radhiya alisema. "Hutembea hatua chache, kisha hukaa hivyo. Hujijua mwenyewe."

Huwaida aliwajua. Mtoto alizaliwa na moyo wenye tundu. Kulikuwa na shirika moja huko Nairobi lililoleta madaktari wa kupasua watoto kama huyu, na kila mara walipokaribia kuja, shirika lilitaka karatasi zote za hospitali zitumwe ili madaktari wachague. Mara ya kwanza mpwa wa Radhiya alizipiga picha kwa simu, zikarudishwa: kivuli cha mkono kilifunika maandishi. Mara ya pili Radhiya alizituma kwa nahodha wa mashua, zikaletwa hapa dukani kwa Huwaida.

"Zimerudi tena," Radhiya alisema.

"Zimerudi? Hizi nilizotuma mimi?"

"Hizo." Alimpa simu. Ujumbe ulikuwa mfupi na wa adabu. Ulisema kuna mstari mweusi uliopita juu ya vipimo vya moyo, daktari hawezi kujua kama ameandikiwa tatu au nane. Ulisema wanaomba karatasi safi zifike leo kabla ofisi haijafungwa, kwa sababu kesho madaktari wanakaa kuchagua.

Huwaida aliujua mstari huo. Ulikuwa umeanza kama wiki mbili nyuma, mwembamba kama unywele, kutoka juu ya ukurasa mpaka chini. Kila mteja alionyeshwa, na kila mteja alisema haudhuru, maandishi yasomeka. Na yeye alichoka, akauacha. Hakukumbuka hata kuzitazama karatasi za Hayat mara ya pili kabla ya kuzituma. Siku ile Ridhwani alikuwa na homa.

"Njoo ukae, Bi Radhiya," alisema. "Na mtoto akae. Leo hazitarudi."

Alisema hivyo kwa sababu hakuwa na jambo jingine la kusema.

Aliifungua skana. Ndani palikuwa na rola, na katikati ya rola palikuwa na kioo kirefu chembamba, upana wa kidole, ambapo karatasi hupita ikisomwa. Alikifuta kwa kitambaa kikavu. Akapitisha karatasi moja. Mstari ulikuwepo. Akakifuta kwa kitambaa cha maji, akakikausha. Mstari ulikuwepo. Akaigeuza karatasi, akaiingiza chini juu, akidhani atauhadaa. Tarakimu za moyo zikatoka safi, lakini sasa mstari umelala juu ya jina la daktari, muhuri na tarehe. Akazima, akawasha. Akachomoa waya wa stima ukutani, akahesabu kimoyomoyo, akaurudisha. Mstari ulikuwa palepale.

Alimpigia Jaafar. Simu ilipokelewa katikati ya kelele za barabara.

"Umefuta kioo, mama?"

"Nimefuta."

"Zima, uwashe."

"Nimezima, nimewasha, nimechomoa, nimechomeka. Jaafar, nina mtoto mgonjwa hapa, karatasi zake zatakikana leo."

Jaafar alivuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka. "Basi hiyo taa yake ya ndani imeanza kufa. Hiyo haitengenezeki kwa simu. Ipe basi lolote linalotoka Mokowe, huko bara, nikiipata nitaiangalia wiki ijayo."

"Wiki ijayo?"

"Mama, hata mimi ni mtu mmoja."

Neno hilo Huwaida alilijua vizuri. Akamshukuru, akakata.

Akatoka kwenda kwenye duka jingine la fotokopi, lililo upande wa Mkomani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Jirani alisema wenyewe wamevuka Manda tangu alfajiri kumpokea bibi harusi uwanja wa ndege, na leo hawafungui. Katika ofisi moja ya umma alikuta foleni imefika barabarani, na askari wa mlangoni akamwambia mashine yao ni ya kazi za ofisi tu. Alirudi amelowa jasho chini ya buibui, miguu inamuuma, akamkuta Radhiya amekaa vile vile, bahasha mapajani, na Hayat amelala kwenye mkeka nyuma ya kaunta.

Akajaribu tena. Akafuta tena. Karatasi ikaingia, ikatoka, na kwenye kompyuta mstari ukasimama mweusi, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Huwaida aliutazama mpaka macho yakamtoka machozi. Hakulia, yalikuwa ya uchovu tu, yale yanayotoka yenyewe.

Adhana ya adhuhuri ikalia.

"Lazima niende nyumbani nikamlishe mume wangu," alisema. "Twendeni pamoja mule kidogo. Nikirudi nitajaribu tena."

Radhiya alikuwa anamwamsha mtoto. Akauliza, kama mtu anayeuliza njia tu, "Na mwenyewe asemaje?"

"Mwenyewe nani?"

"Bwana Ridhwani. Si ndiye aliyekuwa fundi wa hizi mashine? Hata Mbwajumali twamjua. Umemuuliza?"

"Ridhwani hasemi, Bi Radhiya. Ulimi umekufa nusu."

"Sikuuliza kama asema. Nimeuliza kama umemuuliza."

Huwaida alikuwa ameshika funguo. Jibu alilolipata halikumpendeza. Hakuwahi kumuuliza. Miaka miwili karibu, na hakuna siku aliyomuuliza jambo lisilohusu tumbo lake na kibofu chake. Alirudi ndani, akachomoa nyaya, akaitia skana katika kikapu cha ukindu, kompyuta ndogo juu yake, akafunika kwa leso. Kikapu kilikuwa kizito, na alikilaani kimoyomoyo njia nzima. Walitembea polepole kwa ajili ya Hayat. Mara mbili walisimama, mtoto akachuchumaa, na wao wawili wakaegemea ukuta wa nyumba ya watu wakamngoja.

Ridhwani alikuwa kitini, macho yake dirishani. Alipowaona wageni, alijaribu kuvuta kikoi kifike magotini kwa mkono wake mzima. Huwaida alimlisha wali na samaki wa kuchemsha, kijiko kwa kijiko, huku Radhiya na mtoto wakila upande wa pili wa chumba. Alipomaliza kumfuta mdomo, alisukuma meza ndogo mbele yake, akaiweka skana juu.

Ridhwani aliitazama. Kisha akafumba macho. Chozi likamtoka katika jicho la kulia. Lakini jicho hilo hutoa machozi wakati wote tangu augue, na Huwaida hakujua kama hili ni la kilio au la maradhi. Alitaka kuiondoa mashine upesi, aseme samahani, airudishe kikapuni.

Badala yake alisema, "Ridhwani, yanishinda. Yatoa mstari. Nimefuta kioo, mstari hautoki. Jaafar asema taa inakufa. Nisaidie."

Macho ya Ridhwani yalifunguka.

"La," alisema. Neno hilo alikuwa nalo bado. "La, la."

"La nini? Si taa?"

"La."

Aliunyosha mkono wa kushoto, akaifungua mashine. Mkono huo haukuzoea kazi, na kifuniko kikamponyoka mara ya kwanza. Huwaida akajizuia asimsaidie. Alipokwisha kuifungua, Ridhwani alionyesha kompyuta, akaonyesha karatasi. Huwaida akaunganisha nyaya, akapitisha ukurasa mmoja. Mstari ukatoka. Ridhwani akanung'unika, akachukua ile karatasi, akaisogeza kwenye mdomo wa mashine upande wa kushoto kidogo, tofauti na mahali pake. Huwaida akaipitisha. Safari hii maandishi yamehama, yamesogea pembeni, lakini mstari haukuhama. Ulikuwa pale pale ulipokuwa, sasa umepita juu ya maneno mengine.

"Tazama," Radhiya alisema, amesimama nyuma yao. "Karatasi imekwenda, mstari umebaki."

Ridhwani akamwitikia Radhiya kwa kichwa, mara nyingi, kama mwalimu aliyepata mwanafunzi hatimaye. Kisha akamgeukia mkewe, akagonga kioo kile chembamba kwa ukucha. "Yuu," alisema. "Yuu. Ya... yuu."

"Juu ya kioo? Nimekifuta, Ridhwani. Nimekifuta mpaka mikono imeniuma."

"La!"

"Nimekifuta kwa kitambaa kikavu, nimekifuta kwa maji..."

"La! Si... si..." Neno halikuja. Uso wake ukawa mwekundu, mate yakamtoka pembeni mwa mdomo. Akakipiga kile kioo kwa kidole, tena na tena, kwa hasira, mkono ukagonga kikombe, maji yakamwagika mezani yakielekea kwenye waya. Huwaida akakidaka kile kikombe, akaivuta mashine, na sauti ikamtoka asiyoitarajia.

"Mimi si wewe, Ridhwani! Mimi nilikuwa nashona kofia zangu. Hii mashine sikuiomba. Sikuomba hata..."

Akakomea hapo. Hayat, mtoto, alikuwa ameacha kula, tonge mkononi. Radhiya aliinama akaanza kufuta maji kwa ncha ya mtandio wake, taratibu, bila kumtazama mtu. Huwaida alikaa kitako sakafuni. Alijua kwamba mumewe ameusikia mwisho wa maneno yale hata kama haukusemwa.

Baada ya muda alihisi kitu kimemgusa begani. Ridhwani alikuwa ameinama kitini kadiri alivyoweza, anamtafuta mkono. Akaupata, akaushika kwenye kidole cha shahada, akauvuta mpaka kwenye kioo. Huwaida alimwacha. Ridhwani alikipitisha kidole cha mkewe juu ya kioo, kutoka upande huu kwenda upande wa pili, polepole. Laini, laini, laini. Kisha kikapita juu ya kitu.

Kilikuwa kidogo kuliko punje ya chumvi. Macho yake hayakuwahi kukiona, maana kilikuwa hakina rangi, kimeng'aa kama kioo chenyewe. Lakini kidole kilichozoea kutafuta matundu ya kofia kilikipata mara moja. Huwaida alirudi nyuma, akapita tena. Kipo.

"Ni gundi," alisema. "Gundi imekauka. Watu huleta fomu zao na picha wamezibandika sasa hivi, hazijakauka."

"Ee," alisema Ridhwani, akaegemea kiti.

Maji yasingeitoa gundi hiyo, na kitambaa kikavu kilikuwa kikiisugua tu iwe laini zaidi. Huwaida aliinuka, akaenda kwenye rafu ya dawa, akarudi na chupa ya spiriti aliyomsugulia mgongo. Akatia kidogo kwenye pamba, akakaa nayo pale pale palipokwaruza, akaingoja ilainike, akafuta. Akapitisha karatasi. Mstari ulikuwepo, lakini umefifia, umekatikakatika. Ridhwani akamwonyesha kwa kidole: bado. Akatia spiriti tena, akasugua kwa ukucha uliofunikwa pamba, kwa tahadhari asikikwaruze kioo, akakikausha, akakipitia kwa kidole. Safari hii kidole kiliteleza toka mwanzo mpaka mwisho.

Karatasi ikatoka nyeupe. Tarakimu zote zilionekana. Ilikuwa nane.

Hakuna aliyeshangilia. Radhiya alisema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, akafungua bahasha, akaanza kutoa kurasa moja moja, naye Huwaida akazipitishia vidole kutafuta pini. Zilikuwa nyingi, za tangu mtoto ana mwezi mmoja. Nyingine zilikuwa zimelainika kwa kukunjwa, na hizo alizilaza chini ya Kamusi nzito ya Hussam ya shule ili zinyooke kabla hazijaingia. Zilipofika nusu, kompyuta ikadai haioni skana. Ridhwani akafungua mdomo, lakini Huwaida alikuwa ameshachomoa waya. Akautia tundu jingine, akazima, akawasha skana, kisha kompyuta. Ikaiona. Akamsikia mumewe nyuma yake akitoa sauti fupi puani, ile aliyokuwa akiitoa zamani mtu akimfurahisha na hataki kusema.

Alizituma kwa mtandao wa simu yake. Bando ilikuwa kidogo na mtandao ulikwenda kwa kujikokota. Walikaa wote wakitazama kiduara kinachozunguka. Kabla ya alasiri jibu lilikuja: zimefika, zinasomeka, asanteni. Radhiya alilisoma mara tatu, kisha akamfunga mtoto mtandio vizuri, maana mashua ya Mbwajumali haingojei. Maji yakipwa, ule mkondo wa nyuma ya Manda haupitiki. Mlangoni alimshika Huwaida mikono yote miwili.

"Mwenyezi Mungu akupumzishe," alisema. Hakusema Mungu akulipe, wala akuzidishie. Alisema akupumzishe, na Huwaida alipobaki peke yake jikoni na vyombo, dua hiyo ndiyo iliyomliza.

Hayat alichaguliwa. Alipelekwa Nairobi pamoja na mamake, akapasuliwa kifua, na zikapita siku ambazo simu ya Radhiya haikupatikana na Huwaida akawa anaogopa kuipiga. Kisha ikaja picha: mtoto ameketi kitandani, bendeji kifuani, midomo yake rangi ya midomo ya watoto wengine. Huwaida alimwonyesha Ridhwani. Ridhwani aliishika simu muda mrefu, mpaka taa yake ikazimika.

Nyumbani, mambo hayakuwa mepesi. Asubuhi iliyofuata ile ya skana, Ridhwani alikataa kukaa dirishani. Alionyesha mlango. Huwaida alijifanya haelewi. Siku ya tatu ilimbidi aelewe. Tangu hapo, siku nyingi za wiki, majirani wawili wakaja baada ya chai kumshusha ngazi na kumsukuma mpaka Langoni kwenye kiti cha magurudumu alichoazimwa, kwa njia yenye mawe na mifereji, na Huwaida nyuma akibeba mto, chupa ya maji na nguo za kubadilisha. Kazi iliyokuwa ya nyumbani sasa ilimfuata dukani. Ridhwani alikaa ubavuni mwa skana na kuisimamia kama hakimu. Mteja akileta fomu yenye gundi mbichi, aliisukuma nyuma kwa mkono wa kushoto, akaionyesha jua, yaani ikakaushwe kwanza. Wengine walicheka, wengine walikasirika. Kuna siku alimkasirikia Huwaida mbele za watu kwa waya tu, na Huwaida akatoka akaenda kusimama barazani mpaka hasira ikamwisha. Hussam alipopiga simu kuuliza kama baba afurahi, Huwaida alisema, "Babako afurahi. Mimi nimechoka zaidi." Kisha akaongeza, kwa sababu lilikuwa kweli, "Lakini nina mtu wa kumuuliza."

Alasiri moja ya joto, duka tupu, Huwaida alikaa kidogo kwenye mkeka nyuma ya kaunta, kwa nia ya kunyoosha miguu. Alilala. Alilala usingizi mzito ambao hakuwa ameupata kwa miezi. Alipoamka kivuli kilikuwa kimefika ukuta wa pili. Kesho yake, mwalimu mmoja wa madrasa alimsimamisha njiani, ameudhika. Alikuja dukani na vyeti vya wanafunzi wake, alisema, akabisha hodi, na Bwana Ridhwani akajiwekea kidole mdomoni, akamfukuza kwa mkono. Akarudi tena baadaye, akafukuzwa tena.

"Mumeo ana nini, Bi Huwaida?"

Huwaida alivifikiria vile vyeti, na mteja aliyempoteza, na usingizi wa jana. Akaona hajali kama alivyodhani atajali.

"Vilete leo," alisema. "Njoo navyo leo, niko macho."